Roboti ya kukamua iko mbali, lakini kazi yake mikono yetu inaiweza



Katika mkutano mmoja na wafugaji wa upande wa Kasungami, kijana mmoja alitoa simu mfukoni akaipitisha kwa watu. Video ilionyesha ng'ombe wa Ulaya anaingia peke yake ndani ya kibanda cha chuma. Mkono wa mashini unapita chini ya tumbo, unaosha chuchu, unavalisha vikombe vinne, maziwa yanatoka, na ng'ombe anajiendea zake akitafuna. Hakuna mtu, hakuna ndoo. Watu walicheka, wengine wakashangaa, na papa mmoja akauliza: "Agronomu, hii kitu, kama kooperative inatafuta mufadhili, tutaipata? Juu ng'ombe zetu zinaisha mabele."

Papa huyu hakuwa anafanya mzaha. Ng'ombe wake bora alikuwa amebaki na chuchu tatu zinazotoa maziwa. Ya nne ilikauka kisha ugonjwa wa kiwele, ule ambao madaktari wa wanyama wanauita mamiti. Mhesabu pamoja nasi: ng'ombe wa lita 8 kwa siku akipoteza robo moja ya kiwele, ni karibu lita 2 kila siku, lita 60 kwa mwezi. Robo zingine zinaweza kuongeza kidogo, lakini hazirudishi yote. Hapo hatujahesabu dawa, wala maziwa yaliyomwagwa siku za matibabu. Kwa familia yenye ng'ombe wawili pale Annexe, hiyo ni pesa ya minerval ya watoto.

Kwa hiyo tuliahidi kumjibu kwa maandishi, na jibu ni hili. Roboti hatutaipata leo. Lakini tukijua kwa nini inalinda kiwele, tutaona kwamba sehemu kubwa ya kazi yake tunaweza kuifanya sisi wenyewe, kesho asubuhi, na mikono, kikombe cheusi, kitambaa na chupa ndogo ya iyodi.

Roboti inafanya nini kweli?

Roboti za kwanza za kukamua ziliingia kwenye mashamba ya Uholanzi mwaka 1992. Moja inahudumia ng'ombe 60 hadi 70, na bei yake inapita euro 100,000. Inataka umeme usiku na mchana, maji safi mengi, intaneti, na fundi anayeweza kufika haraka ikiharibika. Ninyi mnaoishi na délestage, mnaochota maji kwenye kisima, mnajua wenyewe hiyo inamaanisha nini.

Lakini tazameni kazi yake, hatua kwa hatua. Ng'ombe akiingia, inamtambua kwa alama anayovaa shingoni au sikioni. Inasafisha chuchu zake. Inatoa michirizi ya kwanza ya maziwa na kuitenga. Kisha inakamua kila chuchu peke yake, na chuchu moja ikiisha, kikombe chake kinatoka bila kungoja zingine. Mwishoni inapuliza dawa kwenye chuchu, inasuuza vikombe kabla ya ng'ombe mwingine, na inaandika kila kitu: lita ngapi, saa ngapi, robo gani imepungua.

Tena inapima jinsi umeme unavyopita ndani ya maziwa ya kila robo. Kiwele kikiwaka ugonjwa, chumvi ya damu inavuja na kuingia ndani ya maziwa, na maziwa yenye chumvi nyingi yanapitisha umeme zaidi. Ndiyo maana roboti inaweza kumwambia mfugaji: "Angalia robo ya nyuma, kushoto," hata kabla mtu hajaona uvimbe.

Sasa muulizane: katika hizo zote, ni ipi inayotaka chuma? Kusafisha, kuangalia michirizi ya kwanza, kutokukamua chuchu tupu, dawa mwishoni, kuandika. Nguvu ya roboti ni moja tu: haichoki na haisahau. Inafanya mambo yale yale, kwa mfuatano ule ule, kwa kila ng'ombe, hata Siku ya Mungu, hata mvua ikinyesha.

Mahali roboti yenyewe inashindwa

Kuna jambo ambalo wauzaji hawaweki kwenye video. Watafiti wa Uholanzi na Denmark walifuatilia mashamba yaliyoacha mashini za kawaida na kuingia kwenye roboti. Mengi yao, miezi ya kwanza, afya ya kiwele ilirudi nyuma: seli za ulinzi ndani ya maziwa ziliongezeka, na hiyo ni dalili ya ugonjwa uliojificha.

Kwa nini? Roboti haifagii zizi. Ng'ombe akilala kwenye matope na mavi, anafika kwa roboti na chuchu chafu kuliko inavyoweza kusafisha. Saa za kukamua zinabadilika, mara karibu, mara mbali. Na mwenye shamba, akiona mashini inafanya kazi, anaacha kushika kiwele na kukitazama. Mashini ilikuja, jicho likaondoka. Hapo ndipo ugonjwa ulipita.

Kosa letu na mashini ndogo

Somo hili sisi pia tulilipa bei yake. Miaka michache iliyopita tulisaidia kikundi kimoja kupata mashini ndogo ya kukamulia, ile ya ndoo moja inayotembezwa na jenereta. Tulifundisha siku moja: kuwasha, kuzima, kuosha. Watu walifurahi, sisi pia. Tukapiga picha, tukaondoka.

Tuliporudi kisha muda mrefu, mama mmoja alitupeleka kwa ng'ombe wake bila kutuamkia vizuri. Ncha za chuchu zilikuwa ngumu, zimeota duara la magaga kama kisigino cha mtu anayetembea bila viatu. Ng'ombe watatu wa kikundi walikuwa wamegonjwa. "Mulituletea mashini," akasema, "lakini hamukutuambia inakula."

Alikuwa na haki. Makosa yalikuwa matatu, na yote yalikuwa ya kufundishwa.

La kwanza: ndani ya kila kikombe cha chuma kuna mpira laini unaofunguka na kufunga, karibu mara 60 kwa dakika, kama mdomo wa ndama. Mpira huo unachoka. Watengenezaji wengi wanasema ubadilishwe kisha ng'ombe 2,500 hivi kupita. Kikundi kilikuwa na ng'ombe 10, mara mbili kwa siku, yaani 20. Gawanya: siku 125, miezi minne. Wao walikuwa wametumia mipira ile ile mwaka mmoja na nusu. Ilikuwa imepasuka ndani, na wadudu wa ugonjwa walikuwa wanalala kwenye mipasuko.

La pili: nguvu ya kuvuta. Saa ya presha ya mashini inapaswa kubaki mahali mtengenezaji alipoandika, na kwa mashini nyingi ni kati ya kilopaskali 40 na 50. Yetu ilikuwa juu zaidi, na hakuna aliyejua kuisoma.

La tatu: kuchelewa kutoa. Mkamuaji alivalisha vikombe akaenda kupasha maji. Maziwa yaliisha, mashini ikaendelea kuvuta chuchu tupu. Kisha akavirarua vikombe bila kufunga nguvu kwanza. Hewa inaingia kwa ghafla na kurusha matone ya maziwa machafu ndani ya chuchu jirani.

Tunaandika hili wazi kwa sababu kuko kooperative zingine zinataka kununua mashini kama hiyo. Nunueni, si vibaya. Lakini mpira wa akiba ununuliwe siku ile ile na mashini, tarehe ya kuubadilisha iandikwe ukutani, na mkamuaji asiondoke pale ng'ombe anakamuliwa. Anayeuza mashini bila kujua mipira itapatikana wapi, mwachieni mashini yake.

Hatua za mkono, kila siku

Haya, sasa kazi ya kesho asubuhi. Bandikeni hatua hizi mlangoni pa zizi.

1. Panga ng'ombe. Anza na wale wadogo na wenye afya. Mwenye ugonjwa akamuliwe wa mwisho kabisa, kisha oshe kila kitu. Wadudu wabaya zaidi wanaohama kutoka ng'ombe mmoja kwenda mwingine wanapanda kwenye mikono yako na kwenye kitambaa.

2. Nawa mikono na sabuni hadi kwenye viwiko. Kata kucha. Nawa tena kati ya ng'ombe na ng'ombe.

3. Michirizi ya kwanza, mitatu au minne kwa kila chuchu, ndani ya kikombe cheusi. Kama hauna, paka kifuniko cha mkebe rangi nyeusi. Juu ya rangi nyeusi utaona mabonge, nyuzi, maji-maji au damu. Usiimwage chini, wala kwenye kiganja: hapo unapanda ugonjwa shambani mwako.

4. Osha chuchu, si kiwele chote. Ukimwagia kiwele ndoo nzima, maji machafu yanateremka hadi kwenye tundu la chuchu. Kausha vizuri. Kila ng'ombe na kitambaa chake. Vitambaa vichemshwe au vilowekwe ndani ya maji ya javeli, vianikwe juani.

5. Anza dakika moja hivi kisha kumgusa, na umalize ndani ya dakika tano hadi saba. Ukigusa chuchu, ubongo wa ng'ombe unatuma homoni inayoteremsha maziwa, na nguvu yake haikai muda mrefu. Ukimpiga fimbo au mbwa akimtisha, homoni ya woga inaizuia, na maziwa yanabaki ndani. Hapa wazee wa Masisi na wafugaji wengi wa mashariki hawahitaji kufundishwa: wanamwita ng'ombe kwa jina lake, wanampapasa, ndipo wanakamua.

6. Kamua kwa mkono mzima. Finya kutoka juu kushuka chini. Kuvuta kwa kidole gumba na kidole cha pili kunaumiza nyama ya ndani. Tena, ile tabia ya kuchovya vidole ndani ya maziwa ili viteleze, tuiache kabisa. Mkebe mmoja wa vazelini kwa ng'ombe wote, nao ni hatari ile ile.

7. Mwishoni chovya kila chuchu ndani ya dawa ya iyodi. Nunua ile iliyotengenezwa kwa chuchu, yenye kitu cha kulainisha ngozi. Iyodi ya vidonda vya watu mara nyingi ina pombe na inaweza kupasua chuchu, zaidi miezi ya Juni na Julai ambapo baridi na vumbi la Lubumbashi tayari vinazikausha. Dawa iliyobaki kwenye kikombe uimwage, usiirudishe kwenye chupa.

8. Asilale mara moja. Kisha kukamua, mlango wa chuchu unakaa wazi nusu saa na zaidi. Mpe majani mabichi kwenye hori akiwa amesimama. Hii haigharimu hata franka moja, na inashinda dawa nyingi.

Mama mmoja alituuliza: na kama ndama ananyonya? Mwache anyonye kwanza masalio, umtoe, umfunge mbali, ndipo uchovye. Ukichovya halafu ndama akalamba, umepoteza dawa, na ndama amekula iyodi.

Na zizi? Msimu wa mvua, kuanzia Novemba, udongo mwekundu wa Annexe unageuka uji. Wadudu wanaoishi ndani ya mavi wanangojea hapo. Mahali pa kulala painuliwe kidogo, paelekezwe ili maji yatoke, pawekwe mchanga au majani makavu, na mavi yaondolewe kila siku. Hakuna dawa ya chuchu itakayoshinda zizi la matope.

Kupima ugonjwa uliojificha

Mabonge ukiyaona, ugonjwa umeshafika. Lakini mara nyingi maziwa yanaonekana meupe, mazuri, huku kiwele kinapigana ndani. Kwa hali hiyo watafiti wawili, Schalm na Noorlander, walitengeneza huko California mwaka 1957 kipimo kinachotumika hadi leo: maziwa kidogo ya kila robo, dawa ya kipimo kiasi sawa, unazungusha. Yakibaki maji, ni vizuri. Yakiwa mazito kama mlenda, kiwele kinaumwa.

Siri yake ni sabuni. Inapasua seli za ulinzi, na vilivyomo ndani vinashikana. Ndiyo sababu watafiti wa Pakistan waliwaonyesha wafugaji wadogo kutumia unga wa sabuni ya kufulia: vijiko vidogo 6 ndani ya nusu lita ya maji safi. Vibakuli vinne vyeupe, kimoja kwa kila chuchu, maziwa na maji ya sabuni sawa kwa sawa, zungusha polepole karibu dakika nzima, angalia. Maziwa ya kupima yamwagwe mbali, hata kuku asinywe.

Fanyeni hivyo mara moja kila juma mbili. Linganisheni chuchu na chuchu ya ng'ombe yule yule: moja ikiwa nzito na tatu ni maji, jibu liko wazi. Siku chache kisha kuzaa, msikiamini sana kipimo hiki, maana maziwa ya kwanza yana seli nyingi kwa asili yake.

Akigonjwa

Kiwele kikiwa cha moto, kigumu, chekundu, ng'ombe akirusha teke ukimgusa, au akikataa kula na homa juu, mwite daktari wa mifugo siku ile ile. Kuko ugonjwa wa kiwele unaoua ng'ombe kwa siku moja au mbili. Lubumbashi tuna bahati: chuo kikuu chetu, UNILU, kina kitivo cha udaktari wa wanyama, na wengi waliosomea pale wanafanya kazi humu mjini.

Tusinunue antibiotiki sokoni na kuchoma kwa kukisia. Dawa isiyofaa, au iliyokatwa katikati kwa sababu ng'ombe ameanza kula, inaacha wadudu wenye nguvu zaidi. Wengine, kama wale wanaoitwa Staphylococcus aureus, wakishaota mizizi ndani ya nyama ya kiwele, hata dawa nzuri inaweza kushindwa. Ng'ombe wa namna hiyo, anayerudi kugonjwa kila mara, ni afadhali aende kwa mchinjaji, dawa ikishatoka mwilini, kuliko kuambukiza wenzake.

Na maziwa ya ng'ombe aliye kwenye dawa hayauzwi, hayachanganywi, hayapewi watoto. Soma siku zilizoandikwa kwenye chupa, au uliza daktari. Ndoo moja yenye antibiotiki inaharibu pipa zima: maziwa hayagandi, jibini haishiki, na mnunuzi harudi. Mjini watu wamezoea maziwa ya unga ya mkebe. Wakianza kuamini maziwa yetu, tusiwape sababu ya kurudi kwenye mkebe.

Kazi ya kooperative

Mtu mmoja anachoka, kikundi kinakumbushana. Tunawaomba mfanye mambo matatu kabla mvua haijaanza. Nunueni iyodi ya chuchu kwa pamoja, bidoni moja kubwa, mgawane kwenye chupa safi zenye jina la dawa. Chagueni watu wawili watakaopita na vibakuli na maji ya sabuni kwa kila mwanachama. Na kila nyumba iwe na kayé ya ng'ombe: tarehe, jina la ng'ombe, lita za asubuhi na jioni, chuchu ipi ilileta shida, dawa gani. Hiyo kayé ndiyo kumbukumbu ya roboti. Bei yake ni kayé ya mtoto wa shule.

Tulirudi kwa yule papa wa Kasungami kumsomea jibu hili kabla halijachapishwa. Alisikiliza hadi mwisho, akaangalia mikono yake, akasema: "Basi roboti njo mimi." Tukamwambia ndiyo, Papa, lakini roboti haisahau. Alicheka, akaingia ndani, akarudi na kifuniko cha mkebe wa maziwa na kipande cha makala. Alikipaka cheusi mbele yetu. Tukamwambia rangi ya mafuta itakaa zaidi, maana makala yatatoka kwa maji. "Rangi nitatafuta kesho," akajibu. "Leo jioni ng'ombe inakamuliwa."